Sindano ya mgongo au nusukaputi: mama anayekwenda kupasuliwa achague ipi?

"Wasikia nini?"

Nimekaa miaka 12 upande wa kichwa cha kitanda cha thieta hapa Mombasa, nikimsaidia daktari wa usingizi, na hilo ndilo swali nililouliza kuliko jingine lolote. Mama amelazwa, pazia la kijani limepandishwa kifuani asilione tumbo lake, daktari ameshika kisu, kisha sauti inatoka: "Nasikia! Bado nasikia!" Hapo kila mkono husimama. Namwinamia sikioni. "Wasikia uchungu, mamangu, au wasikia kuguswa?" Hufumba macho, akajipima kidogo, akanijibu: "Naguswa. Kama navutwavutwa hivi. Uchungu sina."

Kiswahili kimetupa neno moja, kusikia, nasi tumelitwisha mizigo yote. Twasikia adhana, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia mwiba mguuni. Mgongo wa mwanadamu hauna neno moja. Ndani yake kusikia kuguswa kuna njia yake, kusikia uchungu na moto kuna njia nyingine, na amri ya kuinua mguu hushuka kwa njia ya tatu. Mama yule hakuwa akidanganya, wala dawa haikuwa imeshindwa. Njia moja ilikuwa imefungwa kabisa, nyingine ilikuwa bado inapitisha kidogo.

Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya wifi yangu wa Kisauni. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji wa haraka, akiwa amelazwa kwa nusukaputi, yaani usingizi mzito wa dawa. Huyu wa pili tarehe imeshapangwa, na kliniki wamemwambia atadungwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi inayomwacha mama macho. Mavyaa yake, ambaye ndiye mamangu mzazi, ameapa kwamba mkazamwana wake hatadungwa mgongoni, kwani "wanaodungwa huko hawainuki vyema tena, kiuno huwauma hadi uzeeni." Nawaheshimu wote wawili, na sikutaka kuwajibu kwa maneno ya mkato.

Nitangulize nilichomwambia wifi: kwa upasuaji uliopangwa, kwa mama mwenye afya, mimi ningechagua sindano ya mgongo. Nusukaputi nayo ina saa yake, saa ambayo ndiyo inayookoa, na nitaifikia. Lakini sababu yangu haiwezi kueleweka mpaka uzione njia zenyewe.

Zilivyo njia za mgongoni

Wengi wakisema uti wa mgongo wana maana ya mifupa, zile pingili unazoweza kuzihesabu kwa kidole mtu akiinama: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana za chini mpaka kifandugu. Katikati ya pingili hizo mna tundu refu, na ndani ya tundu mna kamba laini ya neva ambayo hapa nitaiita ugwe. Unene wake ni kama wa kidole cha mwisho. Urefu wake kwa mwanamume mzima ni karibu sentimita 45, kwa mwanamke hupungua kidogo. Umeelea katika maji safi, na maji hayo yamezingirwa na ngozi ngumu.

Ukiukata ugwe kwa mapana, sura yake yanikumbusha kanga. Katikati kuna mji, wa rangi ya kijivu na wenye umbo la kipepeo. Humo zimo seli zinazopokea habari na kuzikabidhi kwa wengine. Pembeni kuna pindo jeupe, nalo ni nyuzi nyingi mno zinazopanda kwenda ubongoni na zinazoshuka kutoka huko. Kila upande wa pindo una wasafiri wake.

Kutoka kwenye ugwe hutoka jozi 31 za neva, na kila neva imeshikwa na mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huleta habari ndani: joto, baridi, mguso, uchungu. Mzizi wa mbele hupeleka amri nje, kwenye misuli. Mskoti Charles Bell alilikaribia jambo hili mwaka 1811, na Mfaransa François Magendie akalithibitisha mwaka 1822. Kabla yao watu walidhani uzi mmoja hufanya kazi zote mbili.

Sasa angalia habari inavyosafiri ikishaingia. Mguso mwepesi, na ule ujuzi wa kujua mguu wako uko wapi hata ukiwa umefumba macho, huingia kwa nyuzi nene zilizovikwa mafuta, hukamata pindo la nyuma na kupanda moja kwa moja upande uleule mpaka chini ya ubongo. Huko ndiko huvuka kwenda upande wa pili. Uchungu na joto na baridi hawangoji. Huja kwa nyuzi nyembamba, hukabidhi habari ndani ya mji, na wakishapanda pingili moja au mbili tu wameshavuka ugwe, kisha hupanda kwa pindo la upande wa pili. Amri za misuli nazo huanzia ubongoni. Nyingi huvuka chini ya ubongo, hushuka pembeni mwa ugwe, zikikabidhiwa katika pembe ya mbele ya mji na kutoka nje.

Aliyetuonyesha mvuko huu kwa uwazi alikuwa mtu wa bahari yetu hii. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Alieleza kinachotokea ugwe ukikatwa nusu, upande mmoja tu. Mguu wa upande ule uliokatwa hupooza na hupoteza ujuzi wa mahali ulipo, lakini ukichomwa bado wasikia uchungu. Mguu wa pili watembea vizuri na wajua uko wapi, ila hausikii moto wala mwiba. Fikiri hilo kwa makini: miguu miwili ya mtu mmoja, na kusikia kumegawanywa kati yake kama urithi.

Mwendo nao haulingani. Nyuzi nene hupeleka habari kwa mita 70 na zaidi kwa sekunde. Nyuzi nyembamba kabisa za uchungu hazifiki mita 2 kwa sekunde. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, wajua papo hapo kwamba umegonga, kisha unapata nafasi ndogo ya kusema "haya, unakuja", na uchungu wenyewe ndipo unafika.

Kuna wasafiri wa nne ambao hatuwafikirii. Ugwe hupeleka amri kwenye mishipa ya damu iliyo mwilini kote, zikiiambia ijibane ili presha isianguke. Hizo hutoka kwenye ugwe kuanzia kifuani mpaka juu ya kiuno. Hatuzisikii wala hatuziamrishi, lakini thieta ndizo zinazotushughulisha zaidi.

Sindano ya mgongo hufunga wapi

Hapa ndipo ninapomjibu mamangu. Ugwe haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mizizi ya neva hushuka peke yake ndani ya maji, mingi na imelegea, mpaka madaktari wa zamani wakaifananisha na mkia wa farasi. Sindano huingizwa chini ya mwisho wa ugwe. Ukishika viuno vyako kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekeana nyuma, uko karibu na mahali penyewe. Ncha ya sindano inapofika kwenye maji, mizizi ile husogea kando kama nyuzi za mwani zinavyosogea ukitumbukiza mkono baharini. Sindano yenyewe ina unene wa nusu milimita au pungufu.

Dawa inayotumika sana ni bupivakaini, iliyotiwa sukari ili iwe nzito kuliko maji ya mgongoni. Kipimo ni kidogo: kama mililita 2 hivi. Mama akilazwa, dawa hutambaa na kuikuta mizizi, ikaziba vile vijilango vya sodiamu ambavyo bila ya kufunguka uzi hauwezi kupitisha habari.

Na mizizi haizibwi yote kwa mpigo. Nyuzi nyembamba hushindwa mapema. Kwanza zile amri za mishipa ya damu: miguu hupata joto, mama hushangaa, "Mbona nasikia miguu imekuwa moto?" Kisha baridi na uchungu. Kisha mguso. Nguvu za misuli hushindwa mwisho. Hivyo kati ya uchungu kufa na mguso kufa kuna nafasi, na kwa mama wengi nafasi hiyo haizibiki kabisa. Ndiyo ile ya kuguswa na kuvutwa bila ya uchungu. Anayeelezwa mapema huitambua. Asiyeelezwa hushtuka, na mshtuko wa mtu aliye macho juu ya kitanda cha thieta si jambo dogo.

Ndiyo maana hatuanzi mpaka tumejaribu. Hupitisha pamba yenye spiriti, au barafu, kuanzia paja kwenda juu, na kuuliza, "Hapa baridi? Na hapa?" Baridi yasafiri pamoja na uchungu, basi baridi ikipotea mpaka usawa wa chuchu, uchungu wa tumbo nao umefungwa. Ikiwa bado wasikia baridi kitovuni, sema. Usijikaze. Ujasiri hauna thawabu hapo.

Jambo jingine ambalo mama huniambia wakicheka baada ya kutoka: walihisi miguu yao bado imekunjwa, ilhali imenyooshwa. Ubongo, ukikosa habari mpya kutoka miguuni, hushikilia ile ya mwisho uliyoipata. Wa mwisho kuripoti aliripoti mguu uliokunjwa.

Nusukaputi hufunga wapi

Nusukaputi haigusi mizizi. Dawa hupitia dripu, mama hulala ndani ya nusu dakika au zaidi kidogo, mpira hupitishwa kooni mpaka kwenye njia ya pumzi, na mashine hupumua kwa niaba yake. Usingizi huu umejulikana tangu Oktoba 1846, William Morton alipoonyesha etha hadharani huko Boston.

Lakini kisu kinapopita, nyuzi za uchungu bado zinapanda. Habari yafika kwenye ugwe, yavuka, yapanda, ikimkuta mwenyewe hayupo. Mwili hujibu hata hivyo: moyo hupiga mbio, presha hupanda, na ndiyo maana daktari huongeza dawa kali za maumivu mara mtoto akishatoka. Majaribio kwa wanyama katika miaka ya 1990 yaliongeza jambo lililonishangaza nilipolisoma: gesi za usingizi humfanya mnyama asijitingishe akikatwa kwa kufanya kazi ndani ya ugwe wenyewe zaidi kuliko ubongoni. Na bado huongezwa dawa ya kulegeza misuli, ambayo hufunga mahali pengine kabisa, pale neva inapogusana na msuli.

Basi tofauti ni hii. Sindano ya mgongo hufunga njia chini, wewe ukabaki macho. Nusukaputi humwondoa mpokeaji juu, njia zikabaki wazi.

Kando kwa kando

*Mama mwenyewe.* Kwa sindano, utasikia kilio cha kwanza cha mwanao. Utaonyeshwa, utawekewa shavuni. Baba wengine, pale hospitali inaporuhusu, humsomea mtoto adhana sikioni mama akisikiliza. Kwa nusukaputi utaamka na kukuta yameisha, koo likikukwaruza kwa ajili ya ule mpira, na kichwa kizito. Wifi yangu hakumwona mwanawe mpaka zilipopita saa tatu nzima, na mpaka leo analisema jambo hilo kwa sauti ya chini. Wako mama wengine, sitaki kuwasahau, wanaoogopa mno kuwa macho. Hofu yao ni haki yao, isemwe kliniki mapema.

*Njia ya pumzi.* Hili ndilo linalonifanya nielemee upande wa sindano kuliko mengine yote. Mjamzito huvimba kooni, tumbo la uzazi husukuma tumbo la chakula juu, na mlango wa tumbo hulegea. Akilazwa kwa nusukaputi, chakula au maji makali ya tumbo yaweza kupanda na kuingia mapafuni, na kupitisha mpira kooni ni kazi ngumu zaidi kwake kuliko kwa mtu asiye na mimba. Kwa sindano ya mgongo anapumua na kukohoa mwenyewe. Kwa njia zote mbili, usile chakula kwa saa 6 kabla, hata ukiambiwa na bibi kwamba uji si chakula. Maji matupu yaweza kuruhusiwa mpaka saa 2 kabla, waulize watakaokuhudumia.

*Mtoto.* Dawa za nusukaputi hupita kwenye kondo na zaweza kumfikia mtoto, akatoka mzito na mwenye usingizi, hivyo madaktari hufanya haraka. Dawa ya sindano ya mgongo ni ndogo mno kumfikia kwa kiasi cha kumlaza. Lakini presha ya mama ikianguka na kuachwa, mtoto huumia, kwa hivyo hili halina mshindi kamili. Kwa vyovyote vile mtoto hupimwa dakika ya 1 na ya 5 kwa alama za Apgar, kipimo kilichobuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, ambaye naye alikuwa daktari wa usingizi.

*Presha.* Hapa sindano ya mgongo ndiyo yenye kasoro. Zile amri za mishipa ya damu zikifungwa, mishipa hulegea na presha huanguka, mara nyingi ndani ya dakika chache za mwanzo. Mama husikia kichefuchefu, kizunguzungu, midomo kufa ganzi. Tunalitarajia. Ndiyo maana kitanda hulazwa kidogo upande wa kushoto, dripu huenda kasi, na dawa ya kupandisha presha huwa imeshavutwa ndani ya bomba la sindano kabla ya mama kuingia. Ukisikia roho yakuchafuka, tuambie hapo hapo. Mara nyingi wewe watangulia mashine.

*Kifua.* Dawa ikipanda juu kuliko kawaida, mama huhisi hawezi kuvuta pumzi. Mara nyingi ni misuli ya mbavu tu iliyopoteza habari zake. Kiwambo, msuli mkuu wa pumzi, huamrishwa kutoka shingoni, mbali juu. Tunamwambia, "Nibane vidole." Akibana kwa nguvu, dawa haijafika mikononi, basi shingo iko salama. Ikipanda kweli, jambo lililo nadra, mpira na mashine viko pale pale.

*Kichwa.* Sindano ikiacha kitundu kwenye ile ngozi inayozingira maji, maji yaweza kuvuja, na siku ya kwanza mpaka ya tatu kichwa kikauma kwa namna yake: ukikaa au kusimama chauma, ukilala chatulia. Kwa sindano nyembamba zenye ncha ya penseli humpata kama mama 1 kati ya 100, au pungufu. Mwanzilishi mwenyewe yalimpata. August Bier, aliyeanza kutumia ganzi ya mgongo huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alijaribiana na msaidizi wake August Hildebrandt. Hildebrandt aligongwa muundi kwa nyundo bila ya uchungu, na sigara inayowaka aliisikia kama joto tu. Wote wawili waliumwa na kichwa siku zilizofuata, na Bier alilazimika kulala. Mama niliyemjua, aliyezaa mahali fulani ambapo hakuna aliyemweleza lolote, alikaa nyumbani Likoni siku nne akidhani ni presha, akinywa dawa za presha za jirani. Ilikuwa ni hiki. Na dawa ipo: kulala, maji, dawa za maumivu, na kikizidi, damu ya mkononi mwako hudungwa mgongoni karibu na kile kitundu ili ikizibe.

*Kiuno.* Mamangu, nisikilize hapa. Maumivu ya kiuno baada ya kuzaa ni ya wengi, waliodungwa na wasiodungwa, waliopasuliwa na waliozaa kwa njia ya kawaida. Mimba yenyewe hulegeza maungio na kuupinda mgongo, kisha mama huinama miezi akinyonyesha na kubeba. Pale palipopita sindano pataumwa siku chache kama palipogongwa. Maumivu ya miaka hayatokani na hapo.

*Kupooza.* Ni neno ambalo mama huliogopa kulitamka, basi nalitamka mimi. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2009, ulioangalia ganzi za mgongo zaidi ya laki 7, ulikadiria madhara ya kudumu kuwa kama watu 2 mpaka 4 katika kila 100,000, wakiwemo wazee na wagonjwa. Kwa waja wazito yalikuwa nadra zaidi. Madhara yapo, siwezi kumwambia wifi yangu kwamba hayapo. Lakini nusukaputi nayo ina hatari zake, na kwa mjamzito hatari zile za pumzi ndizo zinazonitia hofu zaidi.

*Baada.* Ganzi ya mgongo hudumu saa 2 au 3 na hurudi nyuma kutoka juu: kwanza tumbo, kisha mapaja, nyayo na makalio mwisho. Maana yake kidonda huamka kabla ya miguu. Omba dawa ya maumivu tumbo linapoanza kupata fahamu, usingoje liwe macho kabisa. Baadhi ya hospitali huchanganya mofini kidogo mno katika sindano ile. Hiyo hufanya kazi ndani ya mji wa ugwe, katika pembe ya nyuma, pale nyuzi za uchungu zinapokabidhi habari, na nafuu yake yaweza kufika siku nzima. Huwasha mwili, pua hasa. Mimi ningeukubali muwasho huo mara kumi. Aliyelazwa kwa nusukaputi huamka na uchungu wake wote ukimngoja, na hutegemea dawa za dripu au sindano za paja.

Saa ya nusukaputi

Ukikuta mama anavuja damu nyingi, usimdunge mgongoni: mishipa yake imejibana kwa nguvu zote ili presha isianguke, na sindano ile itailegeza. Kitovu cha mtoto kikitangulia na mapigo yake yakishuka, huenda hakuna dakika za kumkalisha mama. Damu isiyoganda vyema, kwa ugonjwa, kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kupungua katika kifafa cha mimba, au kwa dawa za kuzuia kuganda, yaweza kuvujia ndani ya tundu la mgongo na kuubana ugwe. Jipu au uambukizi pale pa kudungia, baadhi ya magonjwa ya moyo, na mama anayekataa baada ya kuelezwa vyema. Katika hali hizi nusukaputi ndiyo sahihi, na upasuaji wa kwanza wa wifi yangu ulikuwa mmojawapo. Hakunyimwa kitu. Waliharakisha, na mtoto leo yuko darasa la pili.

Epidiuro yatajwa sana siku hizi. Mpira mwembamba huachwa nje ya ile ngozi inayozingira maji, dawa ikaongezwa kidogo kidogo. Hufaa zaidi kwa uchungu wa kuzaa kwa njia ya kawaida, kwa sababu kipimo hafifu chaweza kufunga nyuzi nyembamba na kuziachia zile za misuli, mama akasukuma. Kwa upasuaji uliopangwa huchukua muda na dawa nyingi zaidi, na si kila hospitali inayo.

Mambo ya kusema kabla ya siku

Dawa unazotumia, zikiwemo za kienyeji. Kama uliwahi kutokwa na damu isiyokatika. Kama wewe au ndugu yako aliwahi kupata shida na nusukaputi. Kama mgongo wako umepinda au umewahi kupasuliwa. Na hili la kwetu: ukipakwa piko jeusi, acha angalau kidole kimoja kitupu mpaka kwenye kucha. Kile kibanio cha kidoleni husoma oksijeni kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na weusi wa piko waweza kukipotosha. Nimewahi kumaliza vidole vyote vya bibi harusi wa mwaka mmoja nikitafuta kimoja kilicho wazi, nikaishia sikioni.

Siku yenyewe utakalishwa ukingoni mwa kitanda na kuambiwa ukunje mgongo. Jikunje kama kamba wa bahari aliyepikwa, kidevu kifuani, mabega yameanguka, ili pingili zifunguke. Dawa ya ganzi ya ngozi itachoma kidogo, kisha utahisi msukumo. Ukipata kama umeme wa ghafla mguuni, usiruke. Sema upande gani, sindano itasogezwa. Ule umeme ni mzizi mmoja ulioguswa ukijitambulisha.

Wifi amechagua sindano. Mamangu hakusema amekubali, ila ameanza kuuliza maswali ya baada: atakandwa lini? Nimemwambia tumbo lenye kidonda halikandwi. Mgongo na miguu, taratibu, lakini si siku ile, na kitambaa cha maji ya moto kisimguse mpaka awe ameinua miguu mwenyewe na kutofautisha kipande cha barafu na kiganja cha mkono. Njia ya moto na njia ya uchungu ni moja. Ikiwa bado imefungwa, ngozi yaweza kuungua naye akiwa anamtazama mwanawe, hasikii kitu.